Mpwa wangu, kabla hujanunua jenereta ya kuchimba Bitcoin

Mpwa wangu,

Umeuliza jenereta ya ukubwa gani itatosha mashine mbili za Antminer S19, kompyuta za kuchimba Bitcoin, ile sarafu ya kidijitali, hapo Busia, Uganda. Kila moja inakula wati 3,250, kwa hiyo jenereta ya dizeli ya kVA 10 (kVA ni kipimo cha nguvu ya jenereta) inazibeba zote mbili. Usichukue kVA 20 ukidhani unajiwekea akiba. Injini ikibeba mzigo mwepesi usiku na mchana haipati joto la kutosha, dizeli haiungui yote, na bomba la moshi linaanza kuvuja uchafu mweusi wenye mafuta.

Sasa tupige hesabu. Mashine moja ni uniti 78 kwa siku. Jenereta ndogo hunywa takriban lita 0.35 kwa kila uniti, yaani lita 27. Lita moja ikiungua hutoa kaboni dioksidi kilo 2.7 hivi: kilo 73 kwa siku, tani 26 na ushee kwa mwaka, na hapo ni mashine moja tu. Dizeli ukiikadiria kwa shilingi 5,000 za Uganda kwa lita, unachoma 135,000 kila siku. Tangu malipo ya wachimbaji yakatwe nusu Aprili 2024, mashine ya terahashi 95 (kasi yake ya kupiga hesabu) kwa kawaida haifikishi dola saba kwa siku, chini kabisa ya gharama hiyo ya dizeli. Mwenye kibanda cha chapati angekucheka.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba moshi huo hauzai hata sarafu moja ya ziada. Mtandao wa Bitcoin hujirekebisha kila bloku 2,016 (bloku ni kurasa za daftari lake la miamala), kama wiki mbili hivi: mashine zikiongezeka, kazi inakuwa ngumu zaidi, sarafu zinabaki zilezile. Unagombea tu fungu lililokwisha pangwa. Ethereum, mtandao mwingine wa sarafu ya kidijitali, iliacha uchimbaji Septemba 2022, na mpaka leo inatumika.

Halafu kuna oili. Ukiibadilisha kila saa 250, bila kuzima injini ni kila siku kumi. Ile chafu utaimwaga wapi, mtaroni?

Ukishikilia, tumia umeme wa gridi; Uganda mwingi unatoka kwenye maji ya Nile, Bujagali, Isimba na Karuma. Mwite fundi umeme kwanza, maana kilowati 6.5 saa 24 si balbu na televisheni: waya mwembamba unachemka, soketi inayeyuka. Umeme ukikatika, mashine zilale. Na uangalie risiti ya yaka, ile mita ya umeme wa kulipia kabla: uniti ikizidi shilingi 300 hivi, hata kwenye gridi unachimba hasara.