Shemeji anataka tuchane begi ili bima ya kadi ilipe

Mshauri, shikamoo. Wasomaji wenzangu, habari za kazi.

Nina steshenari ndogo Majengo, hapa Moshi. Natoa kopi, nachapa barua, na karibu kila siku nawajazia watu ripoti ya upotevu ya polisi: huyu kapoteza kitambulisho cha NIDA, yule laini ya simu, mwingine cheti cha kidato cha nne. Karatasi za polisi nazifahamu kiasi. Nisichokifahamu ni bima za Wamarekani, na hizo ndizo zinazotugombanisha sasa.

Dada yangu mkubwa anaishi Houston, Texas. Desemba alipanda nyumbani Kibosho kula Krismasi, akamletea mwanangu laptopu mpya ya chuo. Kijana anasoma Chuo cha Uhasibu Arusha na anakaa Njiro kwa baba yake mdogo. Mwezi Januari, wakati wa kurudi chuo, alipanda Coaster stendi ya Moshi, begi akaliweka kwenye keria juu ya kiti chake. Anasema usingizi ulimpitia walipoiacha Bomang'ombe, akashtuka wako Tengeru. Begi lilikuwa palepale, zipu imefungwa. Kufika Njiro analifungua: madaftari yapo, chaja ipo, laptopu hakuna.

Kesho yake asubuhi akaenda kituoni. Askari akamuuliza kama alimwona aliyechukua. Hapana. Ilichukuliwa wapi? Hajui. Basi akaandikiwa ripoti ya upotevu, akarudi nyumbani nayo.

Tulishaihesabu kuwa imekwenda, mpaka dada alipopiga simu. Laptopu aliinunua mwishoni mwa Novemba, msimu ambao maduka ya kule yanashusha bei, na alilipa kwa kadi ya mkopo. Kumbe kadi ile ina kinga ya manunuzi. Kitu ulichokilipia kwa kadi kikiibiwa au kikiharibika kwa ajali ndani ya siku 90 tangu ukinunue, kampuni ya bima iliyo nyuma ya kadi inakitengeneza au inakurudishia pesa. Huilipii pembeni, inakuja na kadi yenyewe. Hata ukimpa mtu mwingine kama zawadi, kinga inaendelea. Mimi ndiyo mara ya kwanza kusikia. Kadi yangu ya benki inakata kilichomo kwenye akaunti na basi. Haijawahi kuniahidi kitu.

Dada alinitumia kijitabu cha masharti kwa WhatsApp. Nikakichapa chote dukani, nikakaa nacho jioni kadhaa na kamusi pembeni. Ukurasa wa kwanza ni asali tupu. Ukifungua mbele ndipo wanapoanza kukunyang'anya kijiko. Fidia haizidi dola 500 kwa dai moja. Wanahesabu kile tu kilichopita kwenye kadi: laptopu ilikuwa dola 780, lakini 150 alilipa kwa vocha ya duka, kwa hiyo kwao ni kitu cha dola 630, na bado ukomo ni ule ule wa 500. Hawalipi kitu kilichotoweka bila maelezo. Hawalipi kilichoachwa mahali pa watu wengi bila mwangalizi. Hawalipi mtumba. Wizi uwe umefikishwa polisi ndani ya saa 48, nao waambiwe ndani ya siku 60. Wanataka risiti ya duka, taarifa ya kadi inayoonyesha malipo, na ripoti ya polisi. Tena kama ipo bima nyingine inayokigusa kitu hicho, ilipe hiyo kwanza. Dada ana bima ya vitu vilivyomo kwenye nyumba anayopanga, ila kule dola 500 za kwanza anazibeba mwenyewe. Haitamsaidia sana, lakini barua ya hao nayo itatakiwa.

Hapo ndipo shemeji, huyo baba mdogo wa Njiro, alipoingia kati. Anafanya kazi ofisi ya kampuni ya utalii Arusha, kwa hiyo mambo ya kadi anayajua kwa upande wa muuzaji. Ameshaona mgeni amelipia safari ya Serengeti, amezunguka na gari, amerudi kwao, kisha anaiambia benki yake kwamba hakupewa alichoahidiwa, na pesa inavutwa kutoka kwa kampuni. Ofisini kwao wanaiita chajibeki na wanaiogopa kuliko msimu wa mvua. Ushauri wake wa kwanza ukawa kwamba dada aiambie benki laptopu haikumfikia. Nikamwambia, shemeji, duka lilileta mzigo mpaka mlangoni na dada akasaini. Chajibeki ni ya mzigo usiofika, au uliofika siyo ule, au makato usiyoyajua. Duka limekosa nini hapa? Akanyamaza, kwa shingo upande.

Wazo lake la pili ndilo lililonileta kwako. Anataka kijana arudi polisi aseme begi lilikuwa mapajani na kwamba alichaniwa kwa wembe stendi. Begi ameshalitenga, yuko tayari kulichana na kulipiga picha. "Bima siyo pesa ya mtu, shem," ananiambia. "Hao wanachotaka ni karatasi tu." Mume wangu, ambaye huyo ni mdogo wake, anasema tutaongea kesho. Kesho yake ndefu sana.

Dada aliposikia habari ya wembe alisema tuache kabisa. Kule kuidanganya bima ni jinai, na yeye ameanza mchakato wa kuomba uraia. Fomu yenyewe inakuuliza kama umewahi kutenda kosa la jinai hata kama hukukamatwa. Asaini nini hapo, kwa dola 500? Shemeji anasema dada ameishi ugenini mpaka amekuwa mwoga.

Mimi wembe sikubali. Lakini na dada naye simfuati mpaka mwisho. Laptopu haifungui begi ikatoka, kisha ikageuka kufunga zipu. Huo ni wizi, ila hakuna aliyeuona. Askari aliandika upotevu kwa sababu ndiyo kazi nyepesi. Wizi unataka jalada na namba ya RB, yaani ya kitabu cha ripoti cha polisi, na tena unataka mtu wa kufuatilia. Kijana akirudi kituoni akaeleza yaleyale, keria, usingizi na zipu, bila kuongeza wala kupunguza, kisha akaomba lifunguliwe jalada la wizi, mimi sioni uongo uko wapi. Na ripoti ile ya kwanza, kwa ubaya wake wote, inaonyesha kwamba alifika polisi ndani ya zile saa 48.

Sasa nisaidieni, hasa kama yumo polisi, mtu wa bima au yeyote aliyewahi kudai fidia ya namna hii. Tukipata RB ya wizi baada ya ripoti ya upotevu, hizo karatasi mbili hazitaonekana kupingana? Mimi nafikiri dada azitume zote mbili na barua ya kueleza ilivyokuwa. Yeye anaona kutuma ile ya kwanza ni kujinyima mwenyewe. Halafu hiyo keria: mtu aliyesinzia chini ya begi lake anahesabika ameliacha bila mwangalizi? Kijitabu hakisemi. Nimemwomba dada awapigie simu kabla ya kujaza fomu, aulize tu, lakini anaogopa kwamba kuuliza ni kujiandikisha. Na RB yetu ni ya Kiswahili. Tafsiri yangu ya dukani itapokelewa, au wanataka yenye muhuri wa mwanasheria?

La shemeji naliweka peke yake kwa sababu sina pa kulipeleka. Mwanangu analala kwake, anakula kwake, na hajawahi kunidai hata gunia la mkaa. Nikilikataa jambo lake kwa nguvu nitamweka kijana pabaya. Nikikaa kimya, begi litachanwa. Mwanamke mwenzangu aliyewahi kumkatalia shemeji anayemlelea mtoto, ulianzaje?

Siku za kuwaarifu hao wa bima zinaishia katikati ya Machi. Kijana anakuja Moshi Jumamosi hii, na nikipata jibu zuri nitamsindikiza mwenyewe polisi. Ila hata hapo nakwama: Bomang'ombe iko Hai, mkoa wetu wa Kilimanjaro, na Tengeru iko Arumeru, mkoa wa Arusha. Wizi ulitokea katikati, kwenye gari linalotembea, na mwenye mali amelala. Jalada hilo linafunguliwa kituo gani?

Mama wa Steshenari,
Majengo, Moshi