Barua kwa mwanangu aliye Guangzhou: umekunywa chai?

Mwanangu,

Marahaba, baba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa nimefunga mlango wa duka ili kelele za Mtaa wa Kongo zisiniingilie. Umesema masomo yanakwenda na chumba kina joto la kutosha, ila ikifika Jumamosi na Jumapili huna pa kwenda. Unachemsha tambi za pakiti, unakula kitandani, unalala. Hapo ndipo niliposhika kalamu. Sikugombezi. Wikiendi zangu za Guangzhou zilikuwa hivyohivyo kwa miaka saba, na zile sitazipata tena.

Nilianza safari hizo za kununua mzigo huko Uchina mwaka 2006, wewe ukiwa bado unashikiliwa mkono kuvuka barabara. Nilishuka uwanja wa ndege wa Baiyun usiku, nikalala mtaa wa Xiaobei na wenzangu wa Kariakoo, asubuhi nikawahi masoko ya mabegi ya Sanyuanli, jioni nikawa kwa wakala kupigania nafasi kwenye kontena. Chakula changu kilikuwa chipsi na kuku karibu na jengo la Tianxiu, au wali wa mama mmoja wa Kikongo aliyepikia wageni. Bei ya kila zipu ya mji ule niliijua. Watu wake wanakula nini, na wanakaa na nani wakila, sikujua na wala sikuuliza.

Mwaka 2013, Jumapili moja, nilimfuata yule mama aliyekuwa akiniuzia mabegi. Miaka minne tulikuwa tumezungumza kwa kikokotoo tu: yeye anabonyeza bei, mimi nafuta, nabonyeza yangu, yeye anatikisa kichwa. Siku ile ghala lilikuwa limefungwa, naye alikuwa anatoka na binti yake. Akanitazama, akanishika mkono, tukaondoka. Kikokotoo alikiacha dukani.

Hakunipeleka kwenye mgahawa mkubwa wa chai wenye jina kama Tao Tao Ju, ule ulioanza mwaka 1880. Ulikuwa mgahawa wa kawaida wa mtaani, upande wa Yuexiu, ghorofani. Mlangoni matangi ya samaki wazima, juu ukumbi mmoja mpana wenye meza za duara, na kelele utadhani harusi. Siku za kazi, binti yake aliniambia, pale hukaa zaidi wastaafu na magazeti yao, wengine wameingia kabla jua halijapanda. Wikiendi wanakuja na wana na wajukuu, na anayechelewa anachukua namba na kungoja mlangoni.

Tulipoketi yule mama akainua kikombe, akaniambia polepole: “Yam cha.” Yam ni kunywa, cha ni chai. Nikadhani ananihimiza ninywe, nikanywa. Akacheka, akazungusha mkono ukumbi mzima, kwenye vikapu vya mianzi vinavyofuka mvuke, kwa watoto, kwa mzee wa meza ya pili aliyekunja gazeti lake. Yote ile ndiyo yam cha.

Baba, nilishtuka. Maana sisi tukimwambia mtu “karibu chai” hatumkaribishi maji ya majani. Tunamkaribisha vitumbua, mihogo, maharage yaliyobaki jana, na kiti. Mtu akikuuliza asubuhi “umekunywa chai?” haulizi habari ya kiu. Na wazee wa Guangzhou huamkiana kwa maneno hayohayo: yam jo cha mei, umeshakunywa chai? Nilikuwa nimekaa miaka saba kati ya watu wanaoamkiana kama mama yangu, nami ninakula chipsi nimesimama.

Sasa nikueleze ufanyeje, usije ukaona aibu mlangoni kama mimi.

Kitu cha kwanza utakachoulizwa ni chai gani, kabla ya chakula chochote, na chai hulipiwa kwa kichwa. Sema bolei. Ni nyeusi, nzito, inanukia udongo baada ya mvua, na inakata mafuta. Maji ya kwanza ya birika si ya kunywa. Utaona watu wanasuuzia vikombe, bakuli na vijiti, halafu wanamwaga kwenye bakuli kubwa lililo mezani. Fanya hivyo. Kisha mimina, na hapa uwe mwangalifu: unaanza na mkubwa kuliko wote mezani, unazunguka, kikombe chako kiwe cha mwisho. Mtu akikumiminia wewe, huna haja ya kukatiza maneno. Gonga meza taratibu kwa vidole viwili vilivyokunjwa, ndiyo asante. Wanasimulia kwamba mfalme Qianlong, aliyetawala karne ya 18, alikuwa akisafiri kwa kujificha akamimina chai kwa watumishi wake. Wasingeweza kumsujudia bila kumfichua, basi wakasujudu kwa vidole. Birika likiisha, usiite mtu. Weka kifuniko upande, watakuja na maji ya moto.

Na jifunze neno m goi. Ni asante ya kuhudumiwa, na ni “samahani, naomba” pia. Chuoni wanakufundisha Kimandarini, ni sawa, lakini kwenye meza zile wazee wanaongea Kikantoni, na ukitamka hilo neno moja nyuso zao zinafunguka. Wageni wengi huhangaika na ile m inayosimama peke yake mwanzoni. Wewe umezaliwa nayo: mtu, mti, mke.

Chakula kinaagizwa kwa kutia alama kwenye karatasi, au siku hizi kwa simu. Kila sahani imepangwa kwa daraja, ndogo, ya kati, kubwa na kuendelea, na daraja ndilo bei. Chukua ha gau, kamba ndani ya ngozi ya wanga wa ngano, nyembamba hadi unaona wekundu wa kamba kwa ndani. Yule mama huutathmini mgahawa mzima kwa hiyo moja: ukiinyanyua kwa vijiti ikapasuka, anakunja uso. Chukua siu mai, vifurushi vidogo vya nyama ya nguruwe na kamba vilivyo wazi juu, na ile mikate myeupe ya mvuke iliyopasuka juu kama ua, ndani ina nyama tamu ya kuchoma. Cheung fan utaipenda bila kufundishwa. Mchele uliosagwa na maji, kama ule wa vitumbua vya bibi yako, unamiminwa mwembamba kwenye trei, unapitishwa mvukeni, unakunjwa na kamba au nyama ndani. Na wakati wa kumaliza, kipande cha ma lai gou, keki ya mvuke yenye vitundu. Nilipoionja nilikumbuka mkate wa kumimina.

Yule mwenzako wa chumba wa kutoka Tanga, usimpeleke pale ukamwambia ale tu kamba. Nguruwe yumo hata mahali ambapo haonekani: mafuta yake hutiwa kwenye unga na kwenye vitu vya kujazia ndani, hata unga wa nje wa vile vikeki vidogo vya mayai mara nyingi hukandwa nayo. Mwambie ukweli kabla hamjatoka. Kwake yeye nendeni Xiaobei kwa Wahui na Wauighuri, Waislamu wa huko Uchina, wana tambi za kuvutwa kwa mkono na nyama ya kondoo, na hapo mkae vilevile, msibebe.

Nimeacha miguu ya kuku mwisho makusudi.

Ilipowekwa mezani nilitazama pembeni. Kule wanaiita makucha ya finiksi, jina la ndege wa kifalme. Kwetu unaijua: karai la jioni kituoni, miguu, vichwa na utumbo, chakula cha mwenye hela ndogo. Yule mama akaniwekea mmoja kwenye bakuli langu, ule mkubwa. Binti akanieleza kazi yake. Hukaangwa kwanza ngozi ivimbe, huzamishwa kwenye maji baridi ijikunje, hukolezwa maharage meusi yaliyochachushwa, kitunguu saumu na pilipili, ndipo hupikwa kwa mvuke hadi ngozi iachie mfupa yenyewe kinywani. Kazi yote hiyo kwa mguu wa kuku. Nilikula mitatu. Nikakumbuka siku niliyokukuta pale kituoni na mguu mkononi, nikakupokonya nikautupa, kwa kuogopa macho ya majirani. Hukulia, uliniangalia tu. Nisamehe, baba. Sikuwahi kulisema hili.

Siku ile bei ya mabegi haikushuka hata yuani moja, na hatukuigusia. Tulikaa saa mbili. Yule mama alinionyesha picha za wajukuu, nami nikatoa yako, ukiwa darasa la tano, shati limetoka nje ya kaptura. Akaitazama muda mrefu, akamwambia binti yake kitu, binti akatafsiri: “Mama anauliza, Jumapili mtoto wako anakunywa chai na nani?”

Nikasema, na bibi yake. Ilikuwa kweli. Bibi alikuchemshia maziwa, akakukatia mkate, akakaa nawe Jumapili zote hizo pale Tabata, Mungu ampumzishe. Lakini nilipolisema jibu lile kwa mdomo wangu, mbele ya meza yenye watoto wa watu wamezungukwa na mama zao, chai ilinikwama. Nilikuwa nikikutafutia ada, hilo unalijua na silijutii. Ila Jumapili zako sikuziona.

Kwa hiyo usilale na tambi za pakiti. Jumamosi hii waombe wale Wachina wawili wa maabara mliofanya nao kazi. Usingoje wakualike, pengine nao wametoka mikoa ya mbali, na Kikantoni hawakijui kuliko wewe. Nendeni mapema, shirikianeni meza na wazee mkilazimika, na mtu asishike simu mpaka birika la kwanza liishe.

Mimi nimekata tiketi. Maonyesho ya biashara ya Canton, hapo Guangzhou, ya vuli yanafunguliwa tarehe 15 Oktoba, nitapitia Addis Ababa, na safari hii nimeongeza siku nne ambazo si za mzigo. Jumamosi ya kwanza, saa moja kamili asubuhi, uwe umeshachukua namba pale ghorofani. Meza ya watu watatu. Yule mama nimemwandikia, atakuja, na bado anaikumbuka ile picha ya kaptura. Agiza bolei, na miguu ya kuku vikapu viwili. Birika utalishika wewe, maana ndiye mdogo wetu mezani. Anza na yeye, kisha mimi. Nitagonga vidole viwili.

Mama yako