Mtandao Hafifu Ndani ya Nyumba: Antena ya Nje Inasaidia Lini?

Swali tunaloulizwa zaidi ni hili: "Nikiwa ndani simu haishiki mtandao, mna antena ya kuchomeka?" Tuanze na jibu lisilopendeza. Simu za siku hizi hazina tundu la antena ya nje. Zamani baadhi ya simu zilikuwa na tundu dogo nyuma, limezibwa kwa kipande cha mpira, na lilitumika hasa kwenye vifaa vya kufungwa ndani ya gari. Simu za leo zimefichiwa antena zake ndani ya mwili, na anayekuuzia waya wa kuchomeka moja kwa moja kwenye simu ya kisasa, au stika ya kubandika nyuma ya betri "iongeze mtandao", anakuuzia kitu kisichofanya kazi. Usimpe pesa yako.

Hata hivyo antena ya nje ni kifaa cha kweli. Nyumba ambayo watu walikuwa wakitoka barazani ili wapige simu inaweza kugeuka kabisa, mradi antena ipitie njia inayofaa na itibu ugonjwa uliopo. Antena haitengenezi mtandao. Inauokota pale ulipo, juu au nje, na kuuleta pale ulipo wewe. Kama hakuna cha kuokota, hakuna cha kuleta.

Acha vijiti, soma namba

Vile vijiti vinavyoonyesha mtandao kwenye kioo cha simu havina kipimo cha pamoja. Kila mtengenezaji anaamua mwenyewe vijiti vinne maana yake nini, ndiyo maana simu mbili zenye laini ya kampuni moja, zikiwa mezani pamoja, zinaweza kuonyesha tofauti. Namba ndiyo ya kutegemea. Kwenye simu nyingi za Android utaikuta kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, halafu hali ya SIM. Kwenye iPhone piga *3001#12345#* kama unayempigia mtu, ukurasa wa vipimo utafunguka.

Namba hiyo ni hasi na inaishia na dBm, yaani nguvu ya mawimbi kwa kipimo cha desibeli. Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mtandao unavyokuwa na nguvu, kwa hiyo -85 ni bora kuliko -105. Kwa 4G, kuanzia -80 kwenda juu ni mtandao mzuri. Karibu na -100 mambo yanaanza kusuasua. Chini ya -110 mazungumzo yanakatika, na ukifika -120 simu iko mbioni kupoteza mnara. Hesabu yake si ya kawaida: kila desibeli 3 ni mara mbili ya nguvu, na kila desibeli 10 ni mara kumi. Kwa hiyo kutoka -105 hadi -85 nguvu inayopokewa imeongezeka mara mia.

Sasa zunguka na simu yako. Soma namba katikati ya nyumba, kisha dirishani, kisha nje, kisha sehemu ya juu kabisa unayoweza kufika salama. Kila mahali simama kama nusu dakika, kwa sababu simu hukawia kubadilisha namba. Fanya hivyo kila upande wa nyumba, maana upande mmoja unaweza kuwa unatazama mnara na mwingine umeupa kisogo.

Ukikuta nje ni -88 na ndani ni -112, nyumba yenyewe ndiyo inayoziba mtandao. Hapo antena ya nje itakusaidia bila shaka, na hii ndiyo kazi tunayoifurahia kuliko zote. Ukikuta nje ni -112 na ndani -116, mnara uko mbali au kuna kilima katikati. Utahitaji mlingoti na antena ya kuelekeza, yaani inayolengwa upande mmoja tu, na matokeo yatategemea tutapata kimo gani. Ukikuta -80 kila mahali lakini intaneti inakufa kila jioni watu wanaporudi nyumbani, mnara umezidiwa na watumiaji. Antena haipunguzi foleni ya mnara. Mara chache inawezekana kuielekeza kwenye mnara mwingine wenye watu wachache, na hilo tunalipima kabla ya kukuuzia chochote.

Kwa nini nyumba inaziba? Chuma ndicho chanzo kikubwa. Paa la bati, nondo kwenye zege, karatasi ya fedha inayowekwa juu ya dari kuzuia joto, hata vioo vya kisasa vyenye utando mwembamba wa metali usioonekana kwa macho: vyote hivyo huyarudisha mawimbi yalikotoka. Masafa ya mawimbi, yale yanayopimwa kwa megahezi, nayo yana neno lake. Mtandao wa megahezi 700, 800 au 900 hupenya kuta vizuri kuliko ule wa 1800, 2100 au 2600, na 5G ya megahezi 3500 huchoka mapema zaidi ukutani. Ndiyo maana simu inaweza kuwa na kasi nzuri uani, na ukiingia sebuleni tu ikashuka.

Kuna jambo lingine ambalo wateja wengi hawalifikirii. Simu haisikilizi tu, inajibu pia. Mnara una nguvu ya makumi ya wati, wakati simu ya 4G kwa kawaida hutuma kwa miliwati 200 tu inapojitahidi mwisho wa uwezo wake. Kwa hiyo mara nyingi wewe unamsikia mwenzako vizuri, yeye ndiye anayelalamika, "halo, halo, hupatikani." Simu iliyo kwenye mtandao hafifu huongeza nguvu ya kutuma muda wote, na hapo ndipo betri inapokwisha haraka na simu kupata joto mfukoni. Antena nzuri ya nje inasaidia pande zote mbili, kupokea na kutuma.

Njia ya kwanza: ruta ya laini

Kwa nyumba na ofisi nyingi hii ndiyo tunayoipendekeza. Laini inawekwa kwenye ruta yenye matundu ya antena, antena inakaa juu ya paa, na simu zote zinatumia Wi-Fi. Hata kupiga na kupokea simu kwa sauti kunaweza kupita humo ikiwa kampuni ya laini yako na simu yako vinaruhusu kupiga kupitia Wi-Fi. Ukiiwasha kwenye mipangilio, mtu anakupigia kwenye namba yako ileile.

Angalia ruta kabla ya kununua antena. Ruta nyingi zina antena mbili zinazofunguka, na mtu hudhani hizo ndizo za mtandao wa simu, kumbe ni za Wi-Fi tu. Ukichomeka antena ya paani hapo, umewapelekea Wi-Fi ndege wanaotua juu ya paa. Matundu ya mtandao wa simu kwa ruta za mezani mara nyingi ni ya SMA, yale ya kukaza kwa kuzungusha. Ruta ndogo za mkononi hutumia TS9 au CRC9, vichwa vidogo vya kubonyeza vinavyolegea kwa urahisi. Tutumie picha ya matundu yako tujue.

Na kama matundu ni mawili, antena ziwe mbili, au moja yenye antena mbili ndani na waya mbili. 4G hutuma mikondo miwili ya data kwa wakati mmoja, na ili ruta iitofautishe, antena moja huinamishwa nyuzi 45 kulia na nyingine nyuzi 45 kushoto. Anayefunga antena moja kwenye tundu moja anaweza kuona namba za nguvu zinapanda huku kasi ikibaki palepale au ikishuka.

Njia ya pili: busta

Busta ina sehemu tatu: antena ya nje, kikuza mawimbi katikati, na antena ndogo ya ndani inayoyasambaza. Inawafaa wenye watu wengi wanaohitaji kupiga simu kwa njia ya kawaida bila Wi-Fi, kama ghala au jengo la chini ya ardhi. Lakini ni kifaa cha kuheshimu. Antena ya ndani ikiwa karibu na ya nje, busta inaanza kujisikiliza yenyewe na kupiga kelele angani, kama kipaza sauti kinapoelekezwa kwenye spika yake. Kelele hiyo inaweza kuvuruga mnara, na majirani wako wakakosa mtandao pamoja nawe. Kwa sababu hiyo nchi nyingi zinataka busta iwe imeidhinishwa na mamlaka ya mawasiliano au na kampuni ya simu yenyewe. Hatufungi busta isiyo na idhini, hata mteja akija nayo mkononi.

Antena na waya

Antena ya kuelekeza inayojulikana zaidi ni yagi, ile yenye vijiti vingi sambamba kwenye mhimili mmoja. Ilitoka Japani mwaka 1926, kwa kazi ya Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi, na mpaka leo inafanya kazi nzuri kwa masafa machache. Ukitaka masafa mengi kwa pamoja, ya logi (yenye vijiti vinavyofupika kuelekea mbele) au ya paneli (bapa kama boksi) inafaa zaidi. Antena ya pande zote, isiyolengwa popote, inafaa penye minara mingi iliyo karibu au kwenye chombo kinachotembea. Kwa nyumba iliyo mbali na mnara, tunaikataa.

Jihadhari na namba zinazoandikwa kwenye boksi. Antena ya urefu wa kidole yenye sumaku chini, imeandikwa dBi (kipimo cha ukuzaji wa antena) 28 au 35, haiwezekani. Ukuzaji wa kweli unadai ukubwa: yagi ya karibu mita moja hutoa takriban dBi 10 hadi 14, na hiyo ni antena nzuri.

Panapoharibika kazi nyingi ni kwenye waya. Waya mwembamba wa RG58, ambao ndio huja kwenye boksi za bei nafuu, ukiwa na mita 15 unakula zaidi ya desibeli 10 kwenye megahezi 1800. Yaani antena imeleta desibeli 10 juu ya paa, na waya umezila zote kabla hazijafika sebuleni. Waya mnene wa aina ya LMR-400 kwa urefu huohuo unakula kama desibeli 3. Ni mgumu kukunja na unagharimu zaidi, na unastahili.

Ila njia tunayoipenda kuliko zote ni kukwepa waya mrefu wa antena kabisa. Tunaweka ruta ya nje, yenye antena ndani yake, juu ya mlingoti, halafu tunashusha waya wa kawaida wa mtandao wa kompyuta. Waya huo unabeba data na umeme pamoja, na unafika mita 100 bila kupoteza desibeli hata moja ya redio. Kwa nyumba zenye njia ndefu, ukituuliza tufunge kipi, jibu letu ni hilo.

Siku ya kufunga

Antena ya kuelekeza haifungwi kwa kukisia. Fundi mmoja yuko juu, mwingine yuko kwenye ukurasa wa ruta. Wa juu anageuza nyuzi kumi au kumi na tano, anasimama, anasubiri namba zitulie. Wa chini anasoma mbili, RSRP ambayo ni nguvu, na SINR ambayo ni usafi wa mawimbi dhidi ya kelele. Wakati mwingine upande mmoja unatoa -92 lakini SINR ni 3 tu, na upande mwingine unatoa -98 na SINR 15. Tunachagua wa pili. Nguvu imepungua, lakini mawimbi ni masafi na kasi itakuwa kubwa zaidi. Upande bora unaweza hata usiwe ulipo mnara. Mawimbi yaliyogonga jengo refu au mlima na kurudi mara nyingine huwa safi kuliko yale yanayopita katikati ya miti.

Baada ya hapo ni maji. Kila kichwa cha waya kilicho nje kinafungwa kwa tepu ya mpira inayojishika yenyewe, kuanzia chini kwenda juu ili mvua iteremke juu ya mikunjo badala ya kuingia. Kabla waya haujapita ukutani tunauacha ushuke kidogo chini ya tundu kisha upande, matone yadondokee nje. Kichwa kilichoingia maji kinaonekana salama kwa macho. Ukikifungua unakuta kutu ya kijani kwenye pini ya katikati, na mtandao umekuwa ukipungua kidogokidogo kwa miezi.

Mlingoti wa chuma lazima uwe na waya wa ardhi, na waya wa antena uwe na kizuia radi kabla ya kuingia ndani. Nguzo isiwekwe mahali ambapo ikianguka inaweza kugusa waya za umeme. Hapo hatujadiliani na mteja.

Ukitaka tukushauri, tutumie namba zako za ndani na za nje kama ulivyozisoma, jina la kampuni ya laini unayotumia, picha ya nyuma ya ruta kama unayo, na makadirio ya urefu kutoka paani hadi unapokaa. Zungukia pia nje na laini ya kampuni nyingine, ya jirani au ya mgeni, usome namba yake. Mara nyingine laini ya pili inakuwa na desibeli 20 zaidi mahali palepale, na kazi inaishia kwenye kubadilisha laini bila antena yoyote.