Barua kwa Baba Mdogo kuhusu karatasi za marehemu Babu

London, Uingereza

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Ama baada ya salamu kwako, kwa Mama Mdogo na kwa wote hapo Magomeni, Shangazi amenijulisha kwamba nyumba inakarabatiwa na sanduku la karatasi za marehemu Babu limekosa pa kuwekwa. Naomba, kwa heshima zote, karatasi hizo zisichomwe wala kugawanywa mpaka jambo hili lifike kwenye kikao cha familia, na nieleze kwa nini nimethubutu kuomba hivyo.

Katika hifadhi ya nyaraka ya maktaba ya chuo ninamofanya mafunzo ya kazi, shughuli huanza kabla sanduku halijatoka nyumbani kwa mwenyewe. Mtunza nyaraka huenda kuuliza karatasi ziliandikwa na nani, zilipitia mikono ya nani na zilikaa wapi, kisha hupiga picha mpangilio wake kabla ya kugusa chochote. Risiti ya mchango iliyochomekwa ndani ya daftari la kikao inashuhudia kwamba fedha iliyokubaliwa ililipwa kweli, lakini ukiihamishia kwenye bahasha ya risiti zote, ushahidi huo umepotea na hakuna atakayeweza kuurudisha. Ndiyo maana nawasihi ndugu zangu wasizipange upya, hata kwa nia njema.

Si kila kitu hupokelewa. Gazeti ambalo nakala zake zimehifadhiwa kwingine hurudishwa kwa familia. Kinachotafutwa ni kile ambacho hakipatikani popote pengine. Hapo ndipo ninapoyafikiria madaftari ya chama cha kuzikana ambacho Babu alikuwa katibu wake Kariakoo. Serikali ya kikoloni iliandika mengi juu ya watu wa Dar es Salaam, kuhusu kodi zao, vibanda vyao na mgomo wa makuli wa bandarini mwaka 1947, lakini yale waliyoambiana wenyewe, nani alichangia sanda na nani alisamehewa kwa sababu hakuwa na kazi, hayamo katika majalada ya mkuu wa wilaya. Yamo kwa Babu, tena kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, ambacho wasomaji wake wanazidi kupungua. Kwa maoni yangu, hayo yana thamani kuliko barua yoyote ya gavana.

Familia ikikubali kutoa, hutiwa saini hati ya makabidhiano inayoeleza mali ni ya nani, nani ana haki ya kunakili, na kurasa zipi zifungwe kwa miaka kadhaa kwa kuwa zinataja mambo ya siri ya watu walio hai. Sharti hilo tunaweza kuliweka sisi wenyewe.

Kisha karatasi hutengwa, zisije zikaambukiza nyingine kuvu au wadudu. Zilizoliwa na wadudu hugandishwa katika baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri kwa siku tatu au zaidi. Pini zenye kutu huondolewa taratibu, na kila fungu huwekwa katika jalada na boksi lisilo na asidi, kwa sababu karatasi nyingi zilizotengenezwa kwa miti tangu katikati ya karne ya 19 hubeba asidi ndani yake na hujila zenyewe hadi zikavunjika kama kaukau. Ghala huwa na ubaridi wa nyuzi 18 hivi na unyevu wa karibu asilimia 50, ilhali kwetu pwani unyevu mara nyingi hupita asilimia 70. Palipochanika hubandikwa karatasi nyembamba ya Kijapani kwa gundi ya wanga wa ngano, ambayo inaweza kubanduliwa tena kwa maji. Selotepu haibanduki bila kuacha doa, na karatasi iliyolaminetiwa, yaani iliyofunikwa plastiki kwa joto, ni vigumu sana kuiokoa. Tafadhali wazuie vijana wasipeleke cheti wala picha yoyote ya Babu kwa mafundi wa kulamineti.

Sipendekezi karatasi hizi zije Ulaya. Miswada mingi ya Kiswahili imo hapa London, katika maktaba ya SOAS, chuo cha masomo ya Asia na Afrika, na kuiona yenyewe kwa macho kunamgharimu Mtanzania viza na nauli. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyo wake wa East Africana, yaani maandiko yahusuyo Afrika Mashariki, zilimo karatasi za Hans Cory, mtafiti wa mila wa enzi za ukoloni, pamoja na hati za Kiswahili na Kiarabu zilizokusanywa miaka ya 1960 na J.W.T. Allen, mtaalamu wa Kiswahili, ambazo orodha yake ilichapishwa mwaka 1970. Chuoni hapo Mlimani ndipo ningependa madaftari yale yafike, wajukuu wa wanachama wale waweze kuyasoma kwa nauli ya daladala.

Kwa sasa naomba sanduku liinuliwe kutoka sakafuni, lisisogezwe kwenye ukuta wenye unyevu wala kufungwa ndani ya nailoni. Shangazi aonyeshwe picha moja moja, sauti yake irekodiwe kwa simu akitaja majina, na majina hayo yaandikwe kwa penseli kwenye karatasi ya pembeni, si nyuma ya picha. Kikao kikiridhia, wewe uende Mlimani na orodha tu, sanduku libaki nyumbani mpaka wao waje kuliona.

Nasubiri uamuzi wenu.

Mwanao akupendaye