Samaki wa Birika: Barua kwa Vijana wa Amu Wenye Watoto Wadogo

Wanangu na wajukuu zangu mlioko Mombasa, Nairobi na huko Arabuni,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Nimekaa kiwandani, ua wa ndani ya nyumba, hapa Mkomani, mtaa wa Amu, yaani Lamu, na mjukuu wangu wa kike ndiye anayeniandikia, maana macho yangu na herufi ndogo hawapatani tena. Maneno ni yangu.

Idi iliyopita alikuja mjukuu wangu mmoja na mkewe na mtoto wao wa kiume wa miaka 3 na kitu. Asubuhi ya kuondoka, yule mtoto alisimama mlangoni mwa choo, akachungulia ndani, akamwuliza baba yake, "Samaki wako wapi?" Baba yake alikuwa afunga mkoba, boti ya Mokowe yamngoja. Akamjibu, "Samaki gani? Hapa hapana samaki. Wale uliwaona Nairobi, dukani." Mtoto akanyamaza. Akatazama tena mle ndani. Kisha akasema polepole, "Ee, ni Nairobi."

Mimi nilikuwa jikoni, mikono imejaa unga wa mahamri, na yote niliyasikia. Mpaka ninawe nitoke, washafika njiani, punda wa mizigo katangulia.

Mtoto yule alisema kweli. Walipokuja Maulidi, Mfungo Sita, birika letu, tangi la maji lililojengewa mle chooni, lilikuwa na maji na ndani yake mlikuwa na samaki wadogo watano. Mliokulia nyumba za mawe mwajua: samaki hutiwa birikani ili wale viluwiluwi vya mbu. Nilimpakata nikamwonyesha, akawa awahesabu, kila akifika wa tatu aanza upya. Baadaye birika likaingia ufa, maji yakawa yavuja, samaki nikawahamishia pipani kwa jirani. Baba mtu alisahau. Mtoto hakusahau. Na asubuhi ile, kwa neno moja la haraka, akafundishwa kusahau.

Nimeshasema na baba yake kwa simu, wala hatukukosana. Alinyamaza kitambo, akaniambia, "Bibi, sikujua." Nimeona niwaandikie nyote kwa sababu najua si yeye peke yake.

Mimi mwenyewe jambo la kwanza ninalolikumbuka duniani ni birika hilo hilo. Miaka zaidi ya 60 nimewasimulia watu, na nyinyi wengi mmenisikia, jinsi nilivyoanguka birikani nikiwa mtoto, nikaliona lile bakuli la kichina lililojengewa chini, la maua ya samawati. Wazee waliliweka pale ili maji yakipungua samaki wapate pa kukaa wasife. Nilisimulia mpaka nikaweza kusimulia usingizini.

Dada yangu, aliyenizidi miaka mitatu, kila akinisikia hukasirika. "Niliyeanguka ni mimi," husema. "Wewe ulikuwa mlangoni, walia." Tumegombana kwa hili tukiwa wasichana, tukagombana tukiwa na watoto, tukagombana tena juzi juzi tukiwa vikongwe.

Sasa ngojeni niweke kando yale ya kuanguka, niwaambie yaliyobaki. Nakumbuka ukuta. Nimeuegemeza shavu, chokaa yake baridi, ina vijipele vidogo vinavyokwaruza. Nakumbuka pindo la leso ya mama, imerowa chapachapa, yanipiga mguuni kila akipiga hatua. Asumini zake za nyweleni zilitota, na asumini zilizotota harufu yake si ile ya asumini kavu, ina uzito kama majani. Na nakumbuka sauti yake: "Ndoo, mwanangu, ndoo. Mai hayana neno." Mpaka leo nikisikia mtu asema ndoo badala ya njoo, au mai badala ya maji, kifua changu hutulia.

Tazameni basi. Katika hayo yote hakuna hata moja la mtoto aliyeko ndani ya maji. Ni ya mtoto aliyesimama mlangoni.

Huyu anayeniandikia asomea malezi ya watoto wadogo, na amenisomea mambo yaliyonikalisha kitako. Kwamba watu wazima wengi, ukiwauliza kumbukumbu yao ya kwanza, hukupa ya umri wa miaka 3 mpaka 4, na ya nyuma ya hapo hawana. Kumbe si kwamba mtoto mchanga hakumbuki. Yuwakumbuka, ila kumbukumbu zenyewe hazijashika, ubongo wake bado wajijenga. Katika chuo kikuu cha Emory, huko Marekani, waliwarekodi watoto wa miaka 3 wakizungumza na mama zao juu ya mambo yaliyowapata, kisha wakaja kuwauliza tena wakiwa wakubwa. Waliokuwa na miaka 5 mpaka 7 walikumbuka zaidi ya nusu ya mambo yale. Wa miaka 8 na 9 hawakufika nusu. Maana yake, mtoto wako wa miaka 5 angali anavyo vitu ambavyo kesho kutwa vitakuwa vimekwenda.

Na akanisomea habari ya Wamaori, wenyeji wa asili wa New Zealand. Hao kumbukumbu zao za kwanza zaanzia mapema kuliko za Wazungu wa nchi ile ile, kabla hata ya miaka 3. Wataalamu wasema ni kwa sababu kwao habari za nyuma hutajwa na kusimuliwa sana mbele ya watoto. Niliposikia hayo nilisema, basi hao ni kama sisi tulivyokuwa. Bibi yangu alikuwa akitukalisha mkekani baada ya isha, yeye asuka ukili, atuuliza mmoja mmoja: leo ulikwenda wapi? Ulimkuta nani? Alikuwa kavaa nini? Akakwambiaje? Ukikosa jibu hakugombi, akungoja. Sauti ya ukili ukipita vidoleni ndiyo iliyokuwa ikijaza kimya.

Ndivyo ninavyowataka mfanye. Usimwulize mtoto "wakumbuka?" ukatosheka na "ndiyo". Mwulize kisha ikawaje, na ukishauliza, funga mdomo umpe nafasi. Wala usimtilie majibu yako kinywani, maana mtoto ni mwepesi kukubali ya mkubwa, mlimwona yule wa samaki. Akikwambia jambo usilolijua, usiseme halikuwa. Tupigie sisi simu. Saa yoyote isiyo ya sala nitashika.

Picha za simu ni nzuri, nazipenda. Lakini picha haina baridi ya chokaa.

Na semeni nao lugha ya nyumbani. Mtu mwenye lugha mbili, akiulizwa kwa lugha aliyokuwa nayo utotoni, mambo ya utoto wake humjia zaidi. Hili nalo nimesomewa, ila sikuhitaji kusomewa. Mama yangu hajanijia hata siku moja akisema Kiingereza.

Lawama si yenu peke yenu. Sisi wazee tumewanyamazisha watoto wengi. Tulisema mambo ya wakubwa hayaulizwi. Mtoto akiona jeneza latoka sabuleni, auliza ni nani, twamwambia kacheze. Nyumba ilikuwa na ugomvi wa mirathi, watoto wauona, sisi twajifanya hapana kitu. Wakakua na vipande mkononi wasijue ni vya nini. Wengine wenu ni hao, na mwanisoma sasa. Njooni mniulize, nitawajibu ninayoyajua, hata yale ya aibu. Umri wangu haungoji Idi nyingi.

Wiki iliyopita nilimleta fundi aliangalie birika. Alilikausha, akaniwekea kigoda, nikateremka kwa taabu na tochi mkononi. Bakuli lipo. Maua ya samawati yapo, yamefifia. Upande wa ukutani, pasipoonekana na aliyesimama nje, ukingo umemeguka, una ncha kali kama wembe.

Nikampigia dada yangu Mombasa. Sikumwambia nilipo. Nilimwuliza tu, "Lile bakuli la birikani lilikuwaje?"

Akasema, "Limemeguka huko kwa ukutani. Nilijishikiza hapo, likanikata kidole."

Kovu la kidole chake nalijua tangu nijitambue. Siku zote nilidhani ni mbuzi ya kukunia nazi. Nilimwambia nimo birikani, na kwamba ni kweli, aliyeanguka ni yeye. Alilia, mtu mzima yule, nami nikalia. Kisha akaniuliza, "Na wewe mlangoni uliona nini?" Maisha yetu yote hakuwahi kuniuliza. Nikamweleza ukuta, na leso, na asumini. Akasema yeye asumini hakuzinusa, alikuwa na maji puani, na akataka nimweleze tena.

Fundi asema chokaa itakauka vizuri kabla ya Mfungo Sita. Samaki wangali pipani kwa jirani, sasa ni wanne, mmoja alikufa. Nimemwambia mjukuu wangu aje na mtoto Maulidi, na kwamba samaki sitawarudisha birikani mpaka mtoto afike awatie kwa mkono wake.

Wassalaam,
Bibi yenu, Mkomani, Amu