Mstaafu anayeanza useremala anunue kinoo kwanza

Mhariri,

Wengi wanaostaafu kazi za ofisini hapa Lamu na kutamani useremala hukimbilia kutia kiinua mgongo kwenye msumeno wa umeme. Sisi mafundi wa Langoni tunawasihi waanze na kinoo. Patasi mpya ya dukani haijanolewa vya kutosha. Inoe kwa digrii 25, umalizie ukingo kwa 30, na mgongo wake uusugue hadi uwe bapa na ung'ae. Patasi butu hulazimishwa, na ikilazimishwa huteleza, ndiyo maana hiyo ndiyo inayokata viganja.

Zana za kutosha ni randa, msumeno wa meno madogo, skwea ya kupimia pembe, jiriwa ya kubania ubao na patasi tatu: robo inchi, nusu na moja. Ya nusu itachoka kuliko zote, maana ulimi wa kiungo, yaani ncha ya ubao inayoingia kwenye tundu la ubao mwenzake, huwa theluthi ya unene wa ubao, na fremu nyingi zina unene wa inchi moja na nusu. Chimba tundu kwanza, kisha ukate ulimi kulifuata. Ulimi unaweza kupunguzwa kidogo kidogo, lakini tundu likishapanuka halirudi.

Ubao ndio unaowaumiza wengi. Mwembe ukiuzwa mbichi huonekana mzuri, kisha hupinda na kuingiwa na dumuzi. Kukauka kivulini huchukua takriban mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Zipange mbao juu ya vijiti vilivyoachana futi mbili, zisiguse ardhi, na ncha zipakwe rangi kwa sababu maji hutoka huko haraka mno na kuzipasua. Pima kipande kimoja kwa mizani ya jikoni kila wiki. Uzani ukikoma kupungua, anza kazi.

Hata ubao mkavu hucheza. Uso wa meza wa inchi 20 unaweza kutanuka karibu robo inchi toka kaskazi hadi masika, kwa hiyo ukiupigilia misumari kila upande utapasuka. Matundu ya skrubu kwenye fremu yawe marefu kidogo, ubao upate pa kwenda. Skrubu ziwe za shaba, kwani chumvi ya hapa huila chuma.

Anayeranda mvule avae barakoa: vumbi lake huwasha ngozi na kubana kifua. Atazame pia madoa meupe ndani yake, ni chokaa ngumu kama jiwe, na hung'oa ukali wa randa papo hapo.

Mafundi seremala,
Langoni, Lamu