Utakapokuja Mjini na Wenzako

Mwanangu kipenzi,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo, alhamdulillahi, ila miguu ya bibi yako bado inamsumbua. Orodha uliyonitumia ya mahali mnapotaka kutembelea hapa Unguja nimeisoma. Kanisa la Mkunazini, Minara Miwili, Msikiti Mnara wa Malindi, hekalu la Wahindu la Hurumzi na msikiti wa Kizimkazi, vyote kwa siku moja, mje na boti ya asubuhi mrudi na ya jioni! Mtakuwa mnakimbia tu. Wenzako watarudi Dar na picha, ukiwauliza walikuwa wapi hawajui.

Kizimkazi kitoe. Msikiti ule ni mkongwe, maandishi yake ya Kikufi, hati ya zamani ya Kiarabu, yana mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, na ningependa sana wauone. Lakini uko kusini kabisa ya kisiwa. Mkilala, sawa.

Anzeni Mkunazini, tena mapema kabla watalii hawajajaa. Pengine utashangaa mama yako aliyelelewa chuo cha Kurani anakutuma kanisani kwanza. Pale ndipo lilipokuwa soko la watumwa, mpaka Juni 1873 Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, alipotia saini mkataba wa kulifunga. Krismasi ya mwaka huohuo Waanglikana wakaweka jiwe la msingi. Mkiingia nendeni mpaka mbele kwenye altare, mtazame sakafu: kuna duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa nyekundu. Inasemekana ndipo uliposimama mti waliofungwa watu wakachapwa. Waache wasimame hapo kadiri wapendavyo. Kuna pia msalaba uliochongwa kwa mbao za mti wa Chitambo, Zambia, ulipozikwa moyo wa Livingstone, yule mmisionari mpelelezi aliyeupinga utumwa. Na nyuma ya altare yuko Askofu Steere aliyelijenga kanisa lenyewe, yuleyule aliyechapisha kitabu cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja mwaka 1870. Wewe mwenye kupenda lugha, kaburi lake usilipite hivihivi.

Nje, ndani ya shimo, kuna sanamu za watu watano, na minyororo waliyofungwa shingoni ni ya kweli, ya zama zile. Watakuuliza nani aliwauza watu hawa. Usizungukezunguke. Wageni walikuwemo, na watu wa mji huu walikuwemo, Waislamu wenzetu, waliouza, walionunua na waliowatumikisha kwenye mashamba ya karafuu. Hata soko lilipofungwa, watu waliendelea kumilikiwa. Sheria ya kuufuta utumwa Unguja ilikuja 1897. Mtapelekwa pia kwenye vyumba vya chini, mtaambiwa watumwa walifungiwa humo. Wapo wanahistoria wanaosema vilijengwa baadaye na wamisheni. Waambie wenzako kauli zote mbili, maana machungu ya pale hayahitaji kuongezewa chumvi.

Minara Miwili ya Wakatoliki mtaiona tangu botini. Ni kanisa zuri la miaka ya 1890, lakini kwa saa mlizonazo uzuri peke yake hautoshi. Akiwepo Mkatoliki anayetaka kusali, hilo ni jambo jingine, mpeleke. Hurumzi nako watu wanaabudu mpaka leo, basi ombeni ruhusa mlangoni, mkikataliwa msikasirike.

Malindi iacheni mwisho, ni karibu na bandari. Mkiwa njiani waonyeshe misikiti mingine ya zamani: mingi haina mnara wala pambo, mtu anaweza kupita akadhani ni nyumba ya watu. Watawala wetu wa Kiomani walikuwa Ibadhi, madhehebu ya Kiislamu ya Oman, na Ibadhi hawakupenda makuu kwenye nyumba ya Mungu. Wakishaona hivyo ndipo watakapoelewa kwa nini ule mnara wa Malindi, mnene chini na mwembamba juu kama wa Shela kule Lamu, ni kitu cha kutazamwa. Wasio Waislamu wautazame kwa nje. Wewe ingia usali, wao wakungojee barazani.

Msije Ijumaa, mchana wote utakatika. Wanawake wabebe mitandio ya kujifunika mabega, si kanisani wala msikitini tu, hata njiani. Chakula cha mchana ni hapa nyumbani. Niambie mapema mko wangapi na nani hali samaki, nijue kiasi cha mchele.

Mama yako